Bei ya Kufukuzia

Mtaani walimwita Mama Brashi, na jina hilo alilipata kabla hajawa mama wa mtu. Alianza kuchora vibao vya maduka akiwa bado anavaa sketi ya shule, chini ya mjomba wake, mzee mkali mwenye vidole vya rangi ambavyo hata mafuta ya taa yalishindwa kuvisafisha. Kinyozi, fundi cherehani, duka la dawa, muuza majeneza, wote walipita mikononi mwake. Ukipita barabara ile leo, vibao vyenye herufi zilizonyooka na kivuli upande wa kulia ni vyake. Vilivyobaki ni vya plastiki, na vinapauka kabla hata mwenye duka hajamaliza kujisifu.

Mjomba alimfundisha mengi, lakini lililomkaa zaidi ni namna ya kutaja bei. Kibao hulipiwa kwa futi, basi. Hupimi uzuri, hupimi jasho, unapima ubao. Na ikija kazi usiyoitaka, huikatai. Fundi akisema hapana, mteja atamtangaza mtaa mzima kwamba ana maringo. Kwa hiyo fundi anataja bei. Anaipandisha juu mpaka mteja anacheka, anajikung'uta suruali na kuaga kwa adabu. Mafundi waliiita bei ya kufukuzia. Wateja nao waliielewa: ukitajiwa, unajua kazi yako haitakiwi, na hakuna aliyevunjiwa heshima. Siku moja bwana mmoja alitaka achorewe kibao cha kumtukana jirani yake. Mjomba alimtajia pesa ya kununulia ng'ombe wawili. Yule bwana akasema, "Nimekuelewa, mzee," wakanywa chai pamoja.

Kisha zikaja mashine za kuchapa mabango. Mteja anaingia na picha kwenye simu, na kabla hajamaliza soda yake bango liko tayari, lina kila rangi na halina uhai. Kazi ya vibao ikakauka. Mume wa Mama Brashi alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, siku nyingi barabarani na chache nyumbani, kwa hiyo njaa haikupiga hodi. Lakini Mama Brashi si mtu wa kukaa mikono mitupu. Akaanza kuchora watu kwenye mbao zilizobaki: fundi magari aliyepitiwa na usingizi chini ya gari la mteja, wanawake wanaorushiana maneno bombani, muuza majeneza anayekula chakula cha mchana juu ya bidhaa yake. Alizichora kwa raha zake na kuziegemeza ukutani chumba cha nyuma.

Walikuwa na mtoto mmoja. Mtaa ulimwita Bwana Maswali, maana mdomo wake haukujua kufungwa. Kwa nini rangi nyeupe nayo inaitwa rangi, kwa nini lori halina mkia, kwa nini mbuzi hacheki. Alikuwa darasa la tatu homa ilipomchukua. Ilianza Jumatatu kama mafua tu, na Alhamisi uwanja wa nyumba ulikuwa umejaa watu na viti vya kukodi. Picha zake zote zilikuwa kwenye simu ya mama yake, na simu ikaibwa palepale msibani, katikati ya watu waliokuja kulia. Mwizi huyo sijui alizaliwa na nani, na sitaki kujua. Ikabaki picha moja ya darasa, na humo Bwana Maswali amegeuka kumuuliza mwenzake wa nyuma jambo fulani. Linaonekana sikio, shingo na kola.

Mama Brashi akaanza kumchora kwa kumbukumbu. Mtu angedhani mama atamtoa mwanawe kwa mkupuo mmoja. Haikuwa hivyo. Alichora akafuta, alichora akapiga msasa, na kila mara aliyejitokeza ubaoni alikuwa mtoto wa watu wengine, mzuri, mtulivu, asiyemhusu. Mwaka ukaisha akiwa katika kazi hiyo. Kisha asubuhi moja, kwenye kipande cha ubao kisichozidi upana wa sahani, kilichokatwa kutoka kibao cha duka la viatu, uso ukaja. Ulikuja na mdomo nusu wazi, swali likiwa limefika kwenye meno. Mumewe alirudi safari siku ileile. Alikaa kitandani, akavua kofia, akasema, "Ndiye." Halafu alitoka nje na hakurudi mpaka alipokuwa ameshajifuta uso.

Waliitundika picha chumbani, upande wa miguuni, ili wakiamka waione. Lakini kuna jambo lilimtisha Mama Brashi, naye alimwambia mumewe bila kuzunguka.

"Baba, nikifumba macho siku hizi simwoni yeye. Naiona picha."

"Ni yuleyule."

"Ni yuleyule, lakini yule mwenyewe ameondoka. Imebaki hii tu."

"Basi tuitunze hii," mumewe akasema.

Sasa, nje kidogo ya mtaa palikuwa na ghala la zamani la magunia. Mwanamke mmoja mgeni, mwenye miwani mikubwa na viatu vya wanaume, alilikodi akalipaka chokaa na kuligeuza ukumbi wa picha. Alifika kwa Mama Brashi kuagiza kibao cha mlangoni. Alipoona picha zilizoegemea ukutani chumba cha nyuma alisahau kibao. Alichuchumaa mbele ya muuza majeneza akacheka mpaka akashika ukuta.

"Dada, hizi umemuuzia nani?"

"Nani anunue? Ni mchezo wangu."

"Nipe saba au nane nizitundike mwezi ujao. Nakuahidi mchezo utakulipa."

Mama Brashi alijikausha usoni. Hakuwahi kufikiri kwamba mtu angevuka mlango kwa ajili ya kutazama tu alichochora, pasipo kutaka kuuza viatu wala dawa ya kikohozi. Mwenye ukumbi alipouliza bei, alitoa utepe wa kupimia mfukoni, akaupima ubao wa wanawake wa bombani, akataja.

"Umepataje hiyo?"

"Futi tatu kwa mbili. Hesabu ya kawaida."

"Unauza picha au unauza zulia?" Mwenye ukumbi alivuta stuli, akakaa. "Sikiliza. Hesabu ubao na rangi. Hesabu saa ulizofanya kazi. Angalia wachoraji wanaoanza kama wewe wanauza kiasi gani, usiwapite mbali wala usijitupe chini yao. Halafu kumbuka nusu ni ya ukumbi, kwa hiyo hiyo nayo uiweke ndani. Na uanze wastani. Bei ikipanda, watu wanasema umekomaa. Ikishuka, wanasema umekwisha."

"Na zile saa nilizokaa tu nautazama ubao?"

"Hizo ndizo ghali."

Wakacheka wote wawili. Wakazipitia moja moja, na bei zilizotoka zilikuwa za kiungwana, mara mbili ya zile za futi. Mama Brashi alikuwa anajiona amekua ghafla. Ni wakati huo mwenye ukumbi, akielekea nje, alipoona mlango wa chumba cha kulala uko wazi na mtoto anamtazama kutoka ukutani.

Alisimama. Hakucheka. "Na huyu?"

Huyu mwanamke hakuwa wa mtaa ule, hakuijua ile Alhamisi, hakujua chochote. Alikuwa anaona picha tu. Mama Brashi alifungua mdomo aseme siuzi, neno fupi, neno jepesi, mtoto wa darasa la kwanza analitamka. Halikutoka. Alikuwa amefunzwa miaka mingi kwamba fundi hamwambii mtu hapana. Tena, tusimfiche, kulikuwa na kingine. Alitaka watu wamwone. Mtoto aliishi miaka minane, na watu waliowahi kuulizwa swali naye wasingejaza lori la baba yake. Wiki mbili ukumbini, watu wengi wasimame mbele yake, kisha arudi kwenye msumari wake. Baba yake yuko safarini, hata hatajua kama aliondoka.

Kwa hiyo akataja bei ya kufukuzia. Alitaja pesa ya kununulia pikipiki mpya, kwa ubao ambao ungeweza kufunikia sufuria. Akangoja kicheko.

Mwenye ukumbi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alimtazama mtoto, akamtazama mama.

"Sawa," alisema. "Umeanza kuelewa."

Ufunguzi ulikuwa Jumamosi mchana. Mama Brashi alivaa gauni la harusi za watu, akasimama karibu na mlango huku mikono haijui pa kwenda. Watu walikuwa wa aina asiyoizoea, wanaoongea polepole na kushika glasi kwa vidole vitatu. Kando ya kila picha palikuwa na kadi ndogo ya bei. Hakuna aliyeuliza kama bei inapungua. Hilo lilimtia wasiwasi kidogo, maana kwao bei inatajwa ili mazungumzo yaanze, na hapa ilikuwa inasomwa kimya kimya kama tangazo la hospitali.

Akaona jambo jingine. Watu walikuwa wanapita kwa wanawake wa bombani, wanatabasamu. Wanapita kwa fundi magari, wanatabasamu. Wakifika kwa mtoto wanasoma kadi, wanashtuka, kisha wanarudi nyuma hatua moja na kuanza kuangalia upya. Kadi ndiyo iliyowafundisha kuangalia. Bwana mmoja mnene mwenye suti ya kijivu alikaa pale kuliko wengine wote. Alikuwa daktari wa meno, mwenye kliniki yake karibu na stendi.

"Kwa nini hii ndogo inazidi zote?" Mama Brashi alimsikia akimuuliza mwenye ukumbi.

"Muulize mchoraji, yule pale. Bei ameiweka mwenyewe, sikuigusa."

Daktari alimtazama Mama Brashi kwa heshima, akainamisha kichwa kidogo. Hakuja kuuliza. Alifungua pochi palepale, na mwenye ukumbi akabandika alama nyekundu pembeni ya kadi. Mama Brashi hakujua maana ya alama ile. Alidhani labda ni ya kuzuia watu wasishike.

Alielezwa kwamba maana yake picha imeuzwa. Akamvuta mwenye ukumbi nyuma ya pazia walikoweka makreti ya soda.

"Ile siiuzi."

"Dada, imeshauzwa. Mtu amelipa."

"Niliitaja bei ile ili asiinunue mtu."

Mwenye ukumbi alimkodolea macho. Si mtu mbaya, na hapo alikuwa anajitahidi kweli kuelewa. "Kama huiuzi, si ungesema tu huiuzi? Ningeitundika bila kadi. Wengi wanafanya hivyo."

Mama Brashi aliegemea makreti. Angejibu nini? Kwamba mtaa mzima wa mafundi, kuanzia marehemu mjomba, wangemwelewa tangu neno la kwanza? Kwamba hata kinyozi angeelewa? Alisikia upande wa pili wa pazia watu wakipiga makofi kwa sababu picha imeuzwa. Wakamwita aje aonekane. Akatoka akaonekana, na mtu mmoja akampiga picha akiwa ameshikana mkono na daktari wa meno.

Maonyesho yalipokwisha alijipa moyo, akajikaza kisabuni kama wanavyosema vijana, akaenda kliniki. Kwenye mkoba alikuwa na pesa yake, na hiyo ilikuwa nusu tu, kwa sababu nusu nyingine ilikuwa ya ukumbi na ukumbi ulikuwa umeshalipia umeme. Alifikiri atatoa nusu hiyo na kuomba muda wa kumalizia. Aliingia chumba cha kungojea. Kulikuwa na benchi refu, mama mwenye mtoto aliyevimba shavu, mzee anayetema kwenye leso. Na ukutani mbele yao, juu kidogo ya pipa la taka, alikuwapo Bwana Maswali, ndani ya fremu ya dhahabu, mdomo nusu wazi. Pale kliniki mdomo ule ulikuwa na maana nyingine kabisa. Alionekana kama mtoto anayesubiri kukaguliwa meno.

Mama Brashi alikaa chini ya saa ya ukutani, akashika mkoba kwa mikono miwili. Daktari alipotoka kumwita mgonjwa alimtambua, uso ukamchangamka.

"Mama mchoraji! Karibu, karibu. Umekuja kumwona? Unajua watoto wamepunguza kulia humu ndani? Wanamtazama yeye. Mke wangu alisema nimepotea, pesa yote hii, nikamwambia sikuomba hata senti ipunguzwe. Ukimwomba fundi apunguze bei umemtukana."

"Nashukuru, daktari."

"Ni mtoto wa kweli huyu, au wa kubuni?"

"Ni mwanangu."

"Aisee. Ana bahati kuwa na mama fundi. Yuko darasa la ngapi?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Daktari yule alikuwa na roho nzuri, angeweza hata kumvua mtoto ukutani kwa mkono wake mwenyewe. Mzee aliacha kutema akageuka kusikiliza. Mama mwenye mtoto aliyevimba alikuwa anamtabasamia. Mama Brashi aliwatazama wote, na ikamjia kwamba akitamka neno kifo pale, kati ya harufu ya dawa na watu wenye maumivu yao, basi mtoto atakuwa amekufa na humo ndani pia.

"La tatu," akasema.

"Mlete siku moja nimwangalie meno bure."

Alitoka na pesa yake mkobani. Njia nzima alikuwa anajiambia kwamba atarudi kesho aseme sawasawa. Kesho hakurudi, na wiki iliyofuata hakurudi, na kadiri siku zilivyokwenda lile jibu lake lilizidi kuwa refu kuliko ukweli, mpaka asingeweza tena kuliruka.

Mumewe alirudi mwisho wa mwezi. Aliingia chumbani kubadili shati, na Mama Brashi, aliyekuwa jikoni, akamfuata. Alimkuta amesimama mbele ya msumari mtupu.

"Yuko wapi?"

Akamweleza. Alieleza yote, mwenye ukumbi, bei, alama nyekundu, kliniki. Mume alisikiliza akiwa ameshika shati lile lile. Kama angefoka ingekuwa nafuu. Nyumba zinajua kuvumilia kelele.

"Ulitaja bei," alisema mwishowe.

"Nilitaja ya kufukuzia."

"Lakini ulitaja."

"Nitamchora tena. Nilishampata mara moja, nitampata tena."

Mumewe alivaa shati, akala. Alfajiri akaondoka na lori siku mbili kabla ya zamu yake.

Wakati huohuo bahati, kama hiyo inaitwa bahati, ilikuwa imemfungulia Mama Brashi mlango. Wagonjwa wa meno wana muda mwingi wa kutazama ukuta. Wakaanza kuuliza nani alimchora yule mtoto, na wakaanza kuja, wamebeba picha za watoto wao kwenye simu. Mwenye ukumbi alimpigia kumwonya: sasa una bei, usiishushe hata kidogo, ukishusha unamtukana yule aliyenunua. Mama Brashi alitii. Alitaja ileile ya pikipiki kwa mbao za upana wa sahani, na watu walilipa. Bati jipya likapanda juu ya paa. Majirani wakasema Mama Brashi ametoka kimaisha, na waliosema kwa wivu walisema kwa sauti zaidi.

Chumba cha nyuma kikajaa watoto. Wenye meno mapya, wenye riboni, mapacha wa mwenye duka la vipuri. Na kati ya kazi na kazi, mlango ukiwa umefungwa, alimchora wake. Alikumbuka alivyofanya mara ya kwanza: alianza na sikio, kwa sababu sikio analo kwenye picha ya darasa. Sikio lilikuja. Shingo ikaja. Kisha akafumba macho kutafuta uso, na kilichomjia ni fremu ya dhahabu na pipa la taka chini yake. Alijaribu kusikia sauti, labda uso ufuate. Sauti iliuliza jambo, lakini lilikuwa swali alilokumbuka kusimuliwa na majirani, si alilosikia mwenyewe. Alipiga msasa, akaanza upya. Alipiga msasa tena. Rangi ya watoto wa watu ilikuwa imeingia mkononi, shavu la huyu, paji la yule, na mkono ulikuwa unatoa ulichozoea.

Mwishowe alipata uso mmoja ambao ulisimama vizuri. Mdomo ulikuwa nusu wazi. Macho yalikuwa na mwanga. Ukiutazama kwa haraka ungesema mtoto anataka kuuliza kitu. Alimaliza, akakaa mbele yake asubuhi nzima akijiambia ndiye, ndiye, mbona ndiye. Akauacha ubao katikati ya chumba, peke yake, ili mumewe akirudi auone kabla ya kitu kingine chochote.

Alirudi jioni, amechoka, vumbi mpaka kwenye nyusi. Walisalimiana. Alipita chumba cha nyuma kuweka mkoba wake, na Mama Brashi akabaki mlangoni, amekunja kitambaa cha rangi ngumini. Mumewe aliona ubao, akainama. Aliutazama kwa makini, maana siku hizi alikuwa anajitahidi kuzungumza na mkewe na kazi ilikuwa kitu pekee walichobaki nacho cha kuzungumzia.

"Hii imetoka nzuri," alisema. "Mtoto ana akili, inaonekana."

"Ndiyo."

"Wa nani huyu?"

Alikuwa anauliza tu, bila ubaya, bila mtego, kama mtu anayeuliza kama mvua ilinyesha. Mama Brashi alipita mbele yake, akasimama mbele ya ubao, akautazama tena kwa macho ya mume, kuanzia sikio mpaka kidevuni. Alitafuta mahali popote ambapo angeweza kuweka kidole na kusema, hapa, angalia hapa.

"Wa mteja," alisema.

Mumewe akaitikia kwa kichwa, akavua viatu, akaenda kunawa.